Mshale Uko Katikati, Injini Imekwisha

Tangu Jumapili sijalala vizuri. Kijana mmoja ameua injini tukitazama. Alizunguka raundi sita mfululizo kwenye uwanja wa autokrosi (mbio za magari za kuzunguka uwanja) huku nje ya Nakuru, jua la saa saba mchana, kisha akaegesha na kuzima gari papo hapo. Alipoliwasha tena, likaanza kugonga kutoka chini: ko, ko, ko. Sote tuliijua sauti ile. Naye akawa anarudia maneno yale yale: "Lakini mshale ulikuwa katikati, kaka. Haukusonga hata kidogo."

Ndivyo ulivyotengenezwa! Kwenye magari mengi tunayoendesha, mshale wa joto kwenye dashibodi hutulia katikati maji yakiwa nyuzi 80, na hutulia pale pale yakiwa 100, ili dereva wa barabarani asitiwe wasiwasi bure. Mshale ukianza kupanda, ujue umeshachelewa. Tena unapima maji peke yake. Oili haina wa kuisemea. Ukikanyaga bila kupumzika, maji yanashikiliwa na rejeta na feni, huku oili inapita 120, 130, 140. Inakuwa nyepesi, presha inashuka, na ule utando mwembamba unaotenga kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) na beringi zake unakatika. Tulipochomoa dipstiki, kijiti cha kupimia oili, ya yule kijana, oili ilichuruzika kama chai ya rangi, inanuka kuungua. Nilipaka tone kiganjani nikaligeuza juani. Lilimetameta chembe za chuma.

Ndugu zangu, wekeni geji ya joto la oili. Haya, nakubali ni pesa, na wengi wetu hata tairi tunazipata kwa kuungaunga. Lakini kranki mpya ni pesa ngapi? Kama huna geji, kimbiza raundi mbili tatu, kisha zunguka moja polepole bila kukanyaga, upepo upite. Ukiegesha, fungua boneti, acha injini ingurume taratibu dakika kadhaa, hasa ukiwa na turbo. Oili huchelewa kupoa, kama inavyochelewa kupata moto asubuhi: maji yakifika 85, yenyewe huenda iko 50 tu, na hapo pia si wakati wa kukanyaga.

Na mafundi wanaong'oa themostati, vali inayoongoza maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto, "ili gari lisichemshe" waache, wanaharibu magari ya watu.

Jambo lingine ni mwinuko wetu. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari, na hapa maji matupu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kinachoyazuia ni presha iliyofungiwa na kifuniko cha rejeta, kwa hiyo raba ya kifuniko ikichakaa, rejeta mpya haikusaidii. Utotoni nilikuwa nikipanda lori na baba kwenda Eldoret, na karibu na Timboroa hatukukosa kukuta malori yamesimama kando, mawe chini ya magurudumu, turniboi ameshika mtungi wa maji akisubiri mvuke upungue. Baba hakuwahi kumruhusu mtu afungue kifuniko cha moto. Jumapili nilimshika mkono mtazamaji mmoja aliyetaka kufanya hivyo.

Injini ya yule kijana inafunguliwa keshokutwa. Nimemwambia nitakuwepo, na nitambebea geji yangu ya zamani; senso yake bado nzima.