Tamasha la jazi la Marciac: nani anakula, nani analipa

Marciac ni mji mdogo wa wakulima kusini magharibi mwa Ufaransa, mkoani Gers, wenye wakazi wasiofika 1,400. Mwishoni mwa Julai kila mwaka uwanja wake wa raga hugeuka ukumbi. Hema linasimamishwa juu ya nyasi, viti vipatavyo 6,000 vinapangwa, na kwa wiki mbili tatu watu wanafurika usiku kwa usiku kusikiliza jazi. Wenyeji wote wangeingia humo, vikongwe na vichanga, zaidi ya robo tatu ya viti vingebaki vitupu.

Tamasha hilo, Jazz in Marciac, lilianza 1978 na bado lipo. Ndiyo maana linatajwa upesi pale mtu anapotaka halmashauri ya mji wake itoe fedha za tamasha: mbona Marciac wameweza? Swali ni la haki, ila wengi wanaoliuliza wanatazama jukwaa tu. Mimi naona Marciac waliponea shuleni, na hata kupona huko kuna bili ambayo haijalipwa yote.

Jean-Louis Guilhaumon, mwanzilishi anayejulikana zaidi, hakuwa promota. Alikuwa mwalimu, baadaye mkuu wa shule ya sekondari ya hapohapo, na waliomzunguka walikuwa watu wa klabu ya vijana ya mji. Fedha hawakuwa nazo, wala jina. Walichokuwa nacho ni majirani wawili. Bill Coleman, mpiga tarumbeta Mmarekani mweusi aliyepiga muziki Paris tangu miaka ya 1930, alikuwa amehamia kijiji kimoja cha Gers. Guy Lafitte, mpiga saksofoni Mfaransa, naye alikuwa mtu wa pande hizo. Wote wawili waliliunga mkono tamasha tangu mwanzo. Coleman alifariki 1981, hakuliona likipanuka, lakini kwa mji ambao hakuna wakala wa wanamuziki aliyeujua, jina kama lake lilikuwa barua ya utambulisho isiyonunulika.

Nalisisitiza hili kwa sababu mipango mingi ya matamasha huanzia upande wa pili: orodha ya mastaa, kisha bajeti, kisha mfadhili, na mwisho kabisa ndipo mtu anauliza mjini pana nani anayejua kupiga hata gitaa.

Tuje kwenye faida. Gers ni nchi ya bata, mahindi, alizeti na armagnac, pombe kali ya zabibu, na kama maeneo mengi ya mashambani Ufaransa, vijana wake wamekuwa wakihamia mijini. Siku za tamasha, kiwanja cha katikati ya mji, chenye baraza za matao pembeni, kinawekwa jukwaa la bure. Asiye na tiketi ya hema anavuta kiti pale mchana kweupe, anasikiliza bendi ambazo hajawahi kuzisikia, mkononi sahani ya nyama ya bata iliyoletwa na mfugaji mwenyewe. Pesa hiyo haipiti kwa dalali. Mwenye chumba cha ziada anapangisha, mwenye shamba kando ya barabara anaegesha magari.

Ila hesabu za matamasha ndipo zinapoanza kudanganya. Kawaida inachukuliwa idadi ya wageni, inazidishwa kwa kile kila mmoja alichotumia, na jumla inatangazwa kuwa ndiyo neema iliyoushukia mji. Inasahaulika kwamba malipo ya msanii mkubwa yanaondoka naye asubuhi inayofuata. Inasahaulika pia kwamba mitambo ya sauti na taa za daraja hilo hazikodishwi na fundi wa mjini, na kwamba baadhi ya wageni wangekuja Gers hata kama kusingekuwa na muziki, maana ni Agosti na Wafaransa wako likizo. Ukitoa hayo, kinachobaki bado ni kitu, lakini si kile kilichoandikwa kwenye ripoti.

Kuna tatizo lingine lililo ndani ya kazi yenyewe. Mchumi Mmarekani William Baumol alilieleza pamoja na mwenzake katika miaka ya 1960: kiwandani mashine humwezesha mfanyakazi mmoja kutoa bidhaa nyingi zaidi kila mwaka, lakini kwartet ya mwaka ule na kwartet ya leo zote zinataka watu wanne na muda uleule wa kupiga wimbo. Ujira wa watu wanne hao lazima upande sambamba na ujira wa wengine, la sivyo wataacha muziki. Kwa hiyo onyesho linazidi kuwa ghali bila mtu yeyote kukosea. Mwandaaji ana njia chache za kutokea: apandishe kiingilio, atafute ruzuku, au aongeze viti.

Marciac waliongeza viti. Na viti 6,000 vina amri zao. Mpiga kinanda mahiri anayejulikana na wapenzi wa jazi peke yao hawezi kuvijaza, kwa hiyo programu ikaanza kupokea watu wa aina ya Norah Jones na Gilberto Gil, wanamuziki wakubwa ambao jazi wanaigusa kwa mkono mmoja. Wapenzi wa zamani wananung'unika kwamba tamasha limeuza jina lake. Manung'uniko hayo nayaelewa, lakini yanampiga asiye na kosa. Anayepanga programu anatii ukubwa wa hema. Ukitaka jazi tupu kila usiku, kubali ukumbi mdogo, na ukikubali ukumbi mdogo, kubali kwamba kuna majina hutayamudu. Hakuna aliyewahi kunionyesha njia ya tatu.

Mwaka 1993 ndipo, kwa maoni yangu, jambo lenyewe lilipotokea, na halikutokea jukwaani. Shule ya sekondari ya Marciac ilikuwa ikipungukiwa wanafunzi, na Ufaransa ya vijijini inajua hatima ya shule isiyo na watoto wa kutosha: inafungwa, walimu wanahama, familia zinafuata. Guilhaumon akaingiza mafunzo ya jazi ndani ya ratiba ya shule. Mtoto anasoma hesabu na jiografia kama wenzake kote nchini, na katika wiki hiyohiyo ana saa za kupiga ala, kuimba na kubuni muziki papo kwa papo. Familia za mbali zikaanza kuleta watoto, bweni likapata wakazi. Miongoni mwa waliofika mapema kabisa ni Émile Parisien, mzaliwa wa Cahors, ambaye leo ni mmoja wa wapiga saksofoni wanaosikilizwa sana Ulaya.

Tafakari maana yake kwa mji wa watu elfu moja na ushee. Mwalimu wa muziki anakaa pale mwaka mzima, analipa pango, ananunua mkate. Mwaka 2011 ukafunguliwa ukumbi wa kudumu, L'Astrada, wenye viti karibu 500, unaofanya kazi hata majira ya baridi wakati hema limekunjwa zamani. Katika ukumbi wa kiasi kile trio isiyojulikana inaweza kupiga Februari bila mwandaaji kufilisika. Ndiyo maana mtu akiniambia tamasha la mji fulani limefaulu, hunishughulisha kidogo sana idadi ya waliokuja Agosti. Nataka kujua Februari kuna nini.

(Wynton Marsalis, mpiga tarumbeta wa New Orleans aliyeupenda mji huo mpaka akautungia muziki, Marciac Suite, uliotoka 2000, amesimamishiwa sanamu pale. Sanamu ya mtu aliye hai inanitia wasiwasi kidogo, lakini kila mji na mapenzi yake.)

Sasa upande wa bili. Tamasha hili linaendeshwa na chama kisicho cha faida, na linabebwa na mamia ya watu wa kujitolea: wanaokagua tiketi, wanaopika, wanaowapokea wanamuziki, wanaopanga viti na kufagia usiku wa manane. Wanaolitetea husema hiyo ndiyo roho ya mji, na kwamba mwenyeji aliyefanya kazi langoni anaona tamasha ni lake. Kuna ukweli mkubwa hapo. Hata kwetu, bendi za dansi za zamani, Dar es Salaam Jazz na wenzao, zilianza kama klabu za watu waliochangishana, na mapenzi ya mashabiki yalitokana na hilo. Lakini kadiri malipo ya wasanii yanavyopanda, ndivyo inavyokuwa vigumu kueleza kwa nini mmoja aliyesimama kwenye nuru ya taa analipwa fedha nyingi na mwingine aliyesimama nyuma ya sufuria anapewa chakula na nafasi ya kutazama. Siku watu hao wakizeeka au wakichoka, kazi yao itabidi inunuliwe, na hapo ndipo tutajua gharama halisi ya tamasha ilikuwa kiasi gani.

Halafu kuna fedha za umma. Matamasha ya kiasi hiki Ufaransa hayaishi kwa tiketi peke yake. Mji, mkoa na serikali kuu huchangia. Guilhaumon ameliongoza tamasha, akawa meya wa mji mwaka 1995, na kwa miaka mingi alikuwa makamu wa rais wa baraza la jimbo. Sisemi kuna ubaya uliofanyika. Nasema kofia tatu kwenye kichwa kimoja ni nguvu na ni hatari kwa wakati mmoja. Ni nguvu kwa sababu barabara, maegesho, shule na jukwaa vinapangwa na mtu anayevielewa vyote. Ni hatari kwa sababu anayetaka kuuliza maswali magumu kuhusu tamasha inambidi amuulize meya wake, na kwa sababu kijiji jirani chenye wazo zuri lakini kisicho na mtu ngazi za juu kitaendelea kungoja.

Wapinzani wa matamasha ya miji midogo wana mfano wao pia, nao ni Newport, mji wa bahari katika jimbo la Rhode Island, Marekani. Tamasha la jazi lilianzishwa pale 1954 na George Wein, kwa fedha za familia tajiri ya Lorillard. Julai 1960 maelfu ya vijana waliokosa nafasi ya kuingia walifanya fujo mitaani, polisi wakatumia mabomu ya machozi, na baraza la mji likakatisha maonyesho yaliyobaki. Mwaka 1971 uzio ulivunjwa, watu wakavamia jukwaa, na mwaka uliofuata Wein akalihamishia tamasha New York. Halikurudi Newport mpaka 1981. Mwenyeji aliyelala akisikia chupa zikivunjwa mlangoni hakuwa mshamba asiyependa muziki. Alikuwa analipa gharama ambayo haikuandikwa popote kwenye tiketi. Marciac wamesalimika na hayo, kwa sehemu kwa sababu walikua polepole, na jukwaa la bure kiwanjani linampa asiye na pesa mahali pa kukaa badala ya uzio wa kuusukuma.

Molde, huko Norway, wamekwenda njia inayofanana. Tamasha lao ni la tangu 1961, serikali inalichangia, na mwaka 2012 likapata makao katika jengo la Plassen, pamoja na maktaba ya mji na jumba la maigizo. Anayekwenda kuazima kitabu Januari anaingia mlango uleule.

Norway hiyohiyo, kupitia ubalozi wake, ilikuwa mfadhili mkubwa wa Sauti za Busara, tamasha la Zanzibar lililoanza 2004. Fedha za wafadhili zilipopungua, tamasha la 2016 halikufanyika, lilirejea 2017. Kila Februari Ngome Kongwe inavuma, hoteli zinajaa, na kila mtu Mji Mkongwe anajua nani ananufaika. Lakini wanaonufaika zaidi hawakuwa ndio wanaolipia, na hapo ndipo palipopasuka. Sidhani kosa lilikuwa la waandaaji. Hoteli inayopandisha bei ya chumba kwa sababu ya tamasha na isichangie hata senti inakula jasho la mtu mwingine, na hakuna kanuni inayoizuia.

Bagamoyo ni habari nyingine. Chuo cha Sanaa kilianzishwa 1981, leo kinaitwa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na tamasha lake la utamaduni limekuwepo tangu mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1980. Walimu, jukwaa, wanafunzi wa muziki, wacheza ngoma: vyote viko pale hata wiki ambayo hakuna mgeni. Yaani kile ambacho Marciac walikijenga baada ya miaka 15 ya tamasha, Bagamoyo walianza nacho. Wasichokuwa nacho ni watu wa kulala mjini siku kumi mfululizo wakilipa, na msimamo wa halmashauri kuhusu nani achangie nini. Mtu akiniletea pendekezo la tamasha la jazi kwa mji mdogo wa pwani yetu, ningemwambia apeleke kule, aanze na wanafunzi wa chuo na wazee wa bendi za dansi waliobaki, ukumbi wa watu mia chache, na mkataba na wenye nyumba za wageni uliotiwa saini kabla ya msanii wa kwanza kualikwa. Mastaa wa nje wanaweza kungoja mpaka mwaka wa tatu au wa nne.