Mteja Unayeweza Kumkataa

Nilipoanzisha wakala wa masoko, karatasi ya kwanza niliyoiandika ilikuwa ya maadili yetu: ukweli, heshima, uwajibikaji. Tukaibandika ukutani. Haikupita miezi mingi akaja mteja mwenye kinywaji cha kupunguza uzito, akataka tangazo liseme kwamba mnywaji ataona mabadiliko ndani ya siku saba. Ushahidi hakuwa nao. Tangazo tukaliandika, maana zaidi ya nusu ya mapato yetu yalitoka mfukoni mwake, na mishahara ilikuwa inasubiriwa.

Aliyepewa kazi hiyo ni mwandishi wetu mdogo kuliko wote. Aliniuliza mara moja tu: "Bosi, hili ni kweli?" Nikamjibu kwamba mwenye bidhaa ndiye anayeijua. Akainama, akaandika. Jibu langu lile linaniuma hadi leo.

Tangu hapo naamini maadili ya wakala hukaa kwenye daftari la hesabu. Ukitaka kujua kiongozi anasimamia nini, muulize ni mteja gani anaweza kumwacha kesho na bado akalipa mishahara. Sisi tumejiwekea mpaka: hakuna mteja anayezidi robo ya mapato. Akiukaribia, hatumwongezei kazi mpaka tupate wengine. Mpaka huo umetuchelewesha kukua, tena sana, na kuna wabunifu wazuri waliotuacha kwa kuchoka kungoja. Sijatamani kuuondoa.

Malipo nayo yana lake. Kwa miongo mingi mawakala wa matangazo walilipwa kamisheni, kwa kawaida asilimia 15 ya gharama ya nafasi ya tangazo gazetini au redioni. Mteja akitumia zaidi, wakala anapata zaidi. Kwa utaratibu huo ni vigumu kumwambia mtu kwamba shida yake si matangazo, shida ni bidhaa yenyewe au namna anavyowahudumia wanunuzi. Sisi tunatoza ada tuliyokubaliana kabla ya kazi kuanza, na ushauri wa kupunguza bajeti ya matangazo haututoi senti.

Namheshimu mno Emerson Foote, aliyekuwa mwenyekiti wa McCann-Erickson, mojawapo ya mawakala wakubwa wa Marekani. Mwaka 1964, mwaka uleule serikali ya nchi hiyo ilipotoa ripoti kwamba sigara husababisha saratani ya mapafu, alijiuzulu kwa kuwa hakutaka tena kuhusika na matangazo ya sigara. Lakini mwenyekiti ana jina, ana akiba, ana pa kwenda. Mwandishi mchanga anayetegemea mshahara wa mwezi huu ana nini? Ndiyo maana kwetu yeyote anaweza kukataa kazi inayomkera dhamiri, na kiongozi wake haruhusiwi kuligusa jambo hilo wakati wa kumpima utendaji.

Mkataba wa kinywaji kile tuliuvunja. Miezi miwili sikuchukua mshahara wangu ili wa wenzangu usipungue. Yule mwandishi bado yuko nasi. Siku hizi ndiye anayefungua kikao cha kwanza na kila mteja mpya, na kabla ya kuzungumzia bei humwomba aonyeshe ushahidi wa kile anachotaka tukisema.