Kipimo cha damu cha wasiwasi kimefundishwa na nani?

Mwaka 2023 kundi la Dk. Alexander Niculescu wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, lilichapisha katika jarida la Molecular Psychiatry matokeo yaliyosambaa haraka: viashiria vya RNA (nakala zinazoonyesha jeni zipi zinafanya kazi) katika damu ambavyo, kwa maelezo yao, vinaweza kuonyesha ukali wa wasiwasi wa mtu, uwezekano wa hali hiyo kumzidi baadaye, na hata dawa itakayomfaa. Habari ikafupishwa njiani: wasiwasi sasa unapimwa kama malaria. Waliosita kushangilia wakaonekana madaktari wa kizamani, waliozoea kubahatisha kwa maswali.

Hamu ya kipimo naielewa. Mtu moyo unamwenda mbio, pumzi inambana, usiku halali. Anapimwa malaria, hana, presha iko sawa, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) safi. Anaambiwa "huna kitu", na nyumbani wanaanza kumwona anadeka. Karatasi yenye namba ingemsitiri. Tena biolojia yenyewe ipo. Seli nyeupe za damu zina vipokezi vya adrenalini na kortisoli, homoni za mshtuko, kwa hiyo mwili ukishtuka nazo hupata habari. Miaka ya 1990 watafiti wa Italia walikwisha kuona kwamba baadhi ya vipokezi vinavyoshika dawa za jamii ya diazepam hupungua kwenye seli hizo kwa wagonjwa wa wasiwasi.

Ila anayeyaita maswali ubahatishaji angeuliza kwanza kipimo hiki kimefundishwa na nani. Washiriki walikuwa wagonjwa wa akili katika hospitali ya maveterani (askari wastaafu) Indianapolis, wengi wao wanaume (na wasiwasi huwapata zaidi wanawake). Walitolewa damu zaidi ya mara moja, na kila mara walieleza wenyewe wana wasiwasi kiasi gani. Jeni zilizopanda au kushuka sambamba na maelezo hayo ndizo zilizobebwa mbele. Mwalimu wa jeni, basi, ni kauli ya mgonjwa, ile ile tunayoambiwa haiaminiki.

Sasa hesabu, maana ndiyo inayoninyima usingizi. Dodoso la wasiwasi liitwalo GAD-7, lililotoka 2006, lina maswali 7 na alama 0 hadi 21. Mpaka ukiwekwa kwenye 10, katika utafiti wa awali liliwanasa wagonjwa 89 kati ya 100, na katika wasio wagonjwa likawaacha huru 82 kati ya 100. Tuseme kipimo cha damu kinafikia ubora huo huo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa na matatizo ya wasiwasi, kama 4 katika kila 100. Pima watu 1,000: wagonjwa ni 40, na kipimo kitawapata 36. Waliobaki ni 960, na humo kitawashika 173 wasiohusika. Jumla 209 wataambiwa wanao, na mwenye ugonjwa kweli ni kama mmoja kati ya sita.

Hesabu hii inaliangukia dodoso vilevile, sitaficha. Lakini mtu akipata alama 11, daktari humuuliza, "Usingizi ulianza kukupotea lini?" Anajibu ana kichanga cha wiki tatu, na shaka inapungua hapo hapo. Karatasi ya maabara nani anaihoji? Wangapi kati yetu wamewahi kubishana na muhuri?

Na bado hao 173 si wanaonitia hofu zaidi. Wanaonitia hofu ni wale 4 waliopenya. Wanaumwa, na damu yao imetoka safi. Kampuni ya bima itawalipia kwa hoja gani? Bosi atawapa ruhusa ya ugonjwa kwa cheti kipi? "Huna kitu" ya zamani ilikuwa maoni ya daktari mmoja, ungeweza kumwendea mwingine. Hii mpya itakuja imechapwa, ina tarehe na sahihi ya fundi sanifu.

Seli nyeupe, zaidi ya hayo, zina kazi zake nyingine. Maambukizi, sigara, mazoezi, usiku wa kukesha, vyote hubadilisha jeni zinazosomwa humo. Penye malaria na minyoo kelele hizo zitakuwa kubwa zaidi. Saikayatria imeshapita njia hii. Mwaka 1981 Bernard Carroll na wenzake walitangaza kipimo cha deksamethasoni (mgonjwa hupewa dawa hiyo, kisha kortisoli yake hupimwa) kwa sonona kali, kikapokewa kwa shangwe, halafu ikaonekana kwamba ulevi, kupungua uzito na shida ya akili ya uzeeni navyo huweza kukivuruga.

Kuna kazi moja ambayo ningekipa kipimo cha Indiana, na naona haizungumzwi inavyostahili. Uzuri wa utafiti ule ni kwamba hatua yake ya kwanza ilimlinganisha mtu na nafsi yake, siku ametulia na siku amezidiwa. Mgonjwa anayeanza dawa ya wasiwasi kama sertraline husubiri wiki kadhaa kabla ya kujua kama inamsaidia. Damu yake ikionyesha mwelekeo mapema, hapo maswali hayana mbadala wa kutoa. Kabla ya hapo, majibu hayo yanapaswa kupatikana tena mikononi mwa watafiti wasiohusika na MindX Sciences, kampuni ambayo Niculescu ni mmoja wa waanzilishi wake.