Magimbi ya kuoka: krimu tupu au nusu maziwa?

Upishi wa viazi vya kuoka kwa krimu unayafaa sana magimbi, na Moshi magimbi hayaadimiki: yanalimwa kando ya mifongo, yaani mifereji ya asili ya umwagiliaji, na kuuzwa soko la Mbuyuni. Mvutano uko kwenye krimu. Wengine humimina bila kupima, wengine wanataka maziwa matupu kwa ajili ya afya.

Watetezi wa krimu wana hoja nzito ya jikoni. Krimu nzito ina mafuta kama asilimia 35 na protini kidogo, hivyo hustahimili moto wa zaidi ya saa bila kukatika. Maziwa matupu kwenye nyuzi 200 hukatika. Unafungua oveni unakuta chembe nyeupe zinaelea kwenye maji. Lakini hoja yao kwamba mafuta husaidia mwili kupata vitamini A ni ya viazi lishe vya rangi ya chungwa. Magimbi meupe yana kidogo mno karotini, ile rangi ya chungwa ambayo mwili huigeuza vitamini A.

Wa maziwa wana hoja ambayo wenyewe huisahau. Magimbi yana oksalati, kemikali ya asili ya mimea, na fuwele zake kama sindano ndizo huwasha koo yasipoiva. Kalsiamu huikamata oksalati tumboni, na maziwa yana kalsiamu nyingi kuliko krimu.

Kwa hiyo nusu kwa nusu ndiyo sahihi. Kwa kilo 1 ya magimbi yaliyomenywa, weka krimu mililita 300 na maziwa 300. Kwa watu 8, kila mmoja anapata gramu 14 hivi za mafuta, kama kijiko cha chakula cha mafuta ya kupikia. Krimu tupu ingempa 26.

Menya mikono ikiwa mikavu, maana utomvu unawasha. Kata vipande vya milimita 4, chemsha dakika 10, mwaga maji: sehemu ya oksalati inaondoka nayo. Panga kwenye trei na chumvi, saumu na kungumanga, mimina krimu na maziwa ya moto. Limau na nyanya zisiguse hapa, asidi itakata maziwa. Funika, oka nyuzi 160 kwa saa 1, funua dakika 20 juu ipate rangi. Kwenye mkaa, weka makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko. Onja kipande cha katikati: kikiwasha, rudisha motoni. Kisha acha dakika 15, wanga ufunge rojo.

Kosa kubwa kuliko krimu ni kuyapakua pamoja na wali. Magimbi yenyewe ni wanga; yapewe mchicha na maharage.