Matoleo ya zamani ya programu: kufuta au kutunza?

Machi 2016 mtayarishaji mmoja wa programu alizozana na npm, ghala ambamo watumiaji wa lugha ya programu ya JavaScript huchukua vipande vya msimbo, kwa sababu ya jina la mradi wake. Akaondoa kazi zake zote. Kimojawapo kilikuwa left-pad, mistari 11 tu ya kuongeza nafasi mwanzoni mwa neno. Miradi mikubwa iliyokitegemea, Babel, kifaa cha kubadili msimbo wa JavaScript, ikiwemo, ikagoma kujengwa siku hiyohiyo. npm wakakirudisha, kisha wakabana masharti ya kufuta.

Wanaotaka kila toleo litunzwe milele hawahitaji mfano mwingine. Lakini wapinzani wao nao wanao wa kwao. Desemba 2021 Log4j, maktaba (msimbo ulio tayari kutumiwa na programu nyingine) ya lugha ya Java inayoandika kumbukumbu za matukio, iligundulika kuwa na tundu: mtu wa mbali angeweza kuendesha msimbo wake ndani ya seva yako kwa kutuma mstari mmoja wa maandishi. Tundu lilikuwa wazi tangu toleo la 2.0-beta9 hadi 2.14.1. Matoleo yaliyorekebishwa yakatoka haraka, ila mabovu yakabaki katika ghala la Maven Central, na watu wakaendelea kuyapakua muda mrefu baadaye. Kwa nini kuendelea kugawa kitu unachojua kina sumu?

Swali ni zito, ila nadhani linamlenga asiyehusika. Toleo bovu halina ubaya likikaa stoo. Anayechunguza shambulio la miaka iliyopita atalihitaji hilohilo, si lililorekebishwa. Ubaya ni kuliweka kaunta pamoja na bidhaa mpya. Apache, wenye Log4j, wametenganisha: ukurasa wa kupakua una matoleo ya sasa, ya zamani yana anwani yake pembeni. Ghala la lugha ya Python nalo lina njia ya kati, ambapo toleo hutiwa alama kwamba limeondolewa, hivyo kisakinishi hakilichagui chenyewe, lakini aliyelitaja kwa namba yake kamili bado analipata.

Kazi ngumu zaidi ni kupanga. Ukipanga kwa majina ya faili kama yalivyo, 1.10 itatangulia 1.9, kwa kuwa kompyuta inasoma herufi kwa herufi. Debian, mfumo endeshi huria, wana hifadhi iitwayo snapshot inayofuata tarehe: unataja siku yoyote kuanzia 2005 na kuona ghala lao lilivyokuwa siku hiyo. Ndani yake kila faili limehifadhiwa kwa hashi, yaani alama inayokokotolewa kutoka kwenye maudhui yenyewe. Faili likidumu miezi bila kubadilika, nakala yake ni moja tu. Mpango huu naupenda, ingawa unamtaka mtu ajue anatafuta siku gani, na wengi tunakumbuka jina tu.

Kuna jambo lingine linalosahaulika: sahihi ya kidijitali, yaani alama inayothibitisha kuwa faili limetoka kwa mwenyewe na halijachezewa. Matoleo ya zamani sana ya Debian yalitiwa sahihi kwa funguo ambazo muda wake umekwisha. Ukitaka kuyasakinisha leo, apt, programu ya Debian ya kusakinisha, hukataa, na mtu aliyechoka huzima ukaguzi wote ili mambo yaende. Hapo hifadhi imetunza faili ikapoteza uthibitisho wake, na kwangu hiyo ni kasoro kubwa kuliko kukosa matoleo mawili matatu.

Programu za kuuzwa zina kesi yake, kwani mwenye haki anaweza kudai ziondolewe hata kama haziuzi tena. Hapo sheria ndiyo inayoamua, si mpangaji.

Kwetu Afrika Mashariki suala hili halihusu makumbusho. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha kompyuta za zamani za biti 32 zenye chipu za Intel au AMD. Mwenye mashine ya mtumba ya aina hiyo anabaki na toleo la 12, ambalo nalo siku moja litahamia stoo. Na kwa bei ya bando, mmoja hupakua, wengine kumi wakanakili kwa flashi. Mara ngapi umepewa faili linaloitwa setup.exe, basi, bila namba wala tarehe? Aliyekupa naye alipewa. Hifadhi ikichapisha hashi ya kila toleo lake, angalau faili hilo lina mahali pa kulinganishwa.