Hela za kempu za kusoma Marekani: shida sio kiasi peke yake

Huku kwetu ukitaja masomo ya likizo watu wanawaza tuisheni, mzazi anatoa mfukoni mwake, na Kenya sheria ya elimu ya 2013 ilipiga marufuku kabisa. Marekani ni kinyume, likizo ya kiangazi ni ndefu, miezi miwili na kitu, na serikali ndio inatoa ruzuku watoto warudi darasani wakati wa likizo, ndizo hizo kempu. Baada ya Korona hela zilimwagwa haswa, ile sheria aliyosaini Biden Machi 2021 ilipeleka dola bilioni 122 mashuleni na kila jimbo likaambiwa litenge angalau asilimia 1 kwa kiangazi. Mwisho wa kuzipangia matumizi ulikuwa Septemba 2024, sasa ubishi ni kama zilisaidia au zimekwenda na maji.

Wanaosema zimekwenda na maji wana hoja, tusiwabeze. Hofu kwamba mtoto maskini anarudi nyuma kila likizo ilijengwa sana juu ya utafiti wa watoto wa mji wa Baltimore walioanza kufuatiliwa 1982, halafu mwaka 2019 mtafiti Paul von Hippel akaja kusema vipimo vile vya zamani vilikuwa na kasoro, na pengo kati ya mtoto wa tajiri na wa maskini kwa sehemu kubwa lipo kabla hata hawajaanza shule. Kama ni hivyo kwa nini hela isiende chekechea?

Halafu kuna utafiti wa RAND, shirika la utafiti la huko huko, uliofanyika Boston, Dallas, Pittsburgh, Rochester na Duval kule Florida. Watoto waliomaliza darasa la tatu 2013 wakachezeshwa bahati nasibu, waliobahatika wakapata kempu bure. Alama za hesabu zikapanda kidogo, za kusoma kwa wastani hazikubadilika, na karibu mtoto mmoja kati ya watano aliyepewa nafasi hakutokea hata siku moja. Ila waliofika siku 20 na zaidi walifaidika, na waliofanya hivyo viangazi viwili hata kusoma kukapanda. Watetezi wanaipenda sana hiyo sehemu, lakini jamani, hapo sio bahati nasibu tena inayoamua nani ahudhurie, mtoto asiyekosa siku huenda ana mzazi wa kumpeleka na angefanya vizuri hata bila kempu.

Mimi naegemea kwa watetezi, ila kwa sharti. Kufungua darasa tu hakutoshi, hela inatakiwa imfikishe mtoto pale, maana yake basi, chakula na muda unaoendana na kazi za wazazi. Fikiria familia ya Kikongo iliyotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ikapelekwa Marekani, baba yuko shift ya usiku, mama ya mchana, dada mkubwa ndio analea wadogo zake, na kempu inaisha saa nane mchana, sasa huyo wa miaka nane anarudije kama basi halipo? Shule itaandika mtoro tu.

Jimbo la Tennessee walijaribu njia ya kubana. Sheria yao ya 2021 inasema mtoto wa darasa la tatu aliyekaribia kiwango kwenye mtihani wa kusoma bila kukifikia aende kempu ahudhurie asilimia 90 na aonyeshe maendeleo, au akubali mwalimu wa ziada mwaka mzima wa darasa la nne, aliye chini kabisa afanye vyote viwili, la sivyo anarudia darasa. 2023 karibu asilimia 60 hawakufika kiwango, presha ikapanda kwa wazazi, lakini waliorudishwa darasa mwishoni ni kama asilimia 1 tu. Wanaojifunza Kiingereza chini ya miaka miwili wamesamehewa, ni haki kabisa, ila ndio hao hao wanaohitaji kempu kuliko wote na hakuna anayewabana waende.

Kinachoniudhi zaidi ni kutokutabirika. Ruzuku ya kila mwaka ya Washington, ile ya vituo vya kujifunzia baada ya shule na kiangazi, ni kama dola bilioni 1.3, na Julai 2025 serikali ya Trump ikaizuia, ikaja kuiachia wiki kadhaa baadaye huku watoto wako kwenye kempu tayari. Mwalimu anayejua kufundisha mtoto kuunganisha sauti za herufi anatafuta kazi ya kiangazi mwezi wa tatu au wa nne, ukimwambia asubiri ameshapata kwingine. Bora wangetoa pungufu lakini ya uhakika miaka mitano mfululizo, mwenye programu akajua anaajiri nani na basi linapita mtaa gani.