Kadi ya Feni Tatu

Kompyuta ninayohariria video za harusi ni ile ya kiofisi, nyembamba, iliyoingia nchini ikiwa mtumba, na pawa saplai yake, yaani kisanduku kinachoigawia umeme, haifiki wati 250. Nilipotaka kuiongezea kadi ya michoro, ile inayotengeneza picha za kwenye kioo, muuzaji mmoja wa Kariakoo aliuliza kwanza ukubwa wa kasha, kisha akatoa GTX 1650 fupi ya gigabaiti 4, ambayo haizidi wati 75 na kwa hiyo hutosheka na umeme wa tundu lake kwenye bodi kuu ya kompyuta, bila waya wa ziada. Hapo shughuli ingekwisha, lakini nilikuwa nimeongozana na shemeji.

Shemeji aliwahi kusimamia banda la michezo ya kompyuta, na tangu hapo ukoo mzima humwachia neno la mwisho katika kila kitu chenye waya, zikiwamo pasi. Akauliza ile kadi ina feni ngapi. Alipojibiwa kuwa ni moja, aliirudisha mezani kwa huruma na kuagiza RTX 3060 ya feni tatu, yenye gigabaiti 12. Kumpinga hakukuwezekana, kwa kuwa ni kaka wa mke wangu na mahari bado sijaimaliza.

Nyumbani ilidhihirika kwamba kadi ilikuwa pana kuliko kimo cha kasha, na ndefu kiasi cha kugonga kisomea DVD. Shemeji aliking'oa kisomea DVD, akafungua bati la nyuma ya kadi, akaamuru kasha liishi bila kifuniko. Kwa kuwa kadi hiyo hula wati 170 na saplai yetu haikuwa na waya wa kuilisha, alileta saplai nyingine kutoka kwake, akailaza mezani, akaunganisha waya wa kijani na mweusi ili iwake yenyewe, jambo ambalo simshauri mtu mwenye watoto.

Feni zote tatu zilizunguka, shemeji akapiga makofi, kioo kikabaki cheusi. Alilaumu umeme wa mtaa, akalaumu RAM, na alipoanza kunitazama mimi, mke wangu, aliyekuwa akipita na chai, aliuliza kwa nini waya wa kioo bado umechomekwa kwenye tundu la zamani la bodi, badala ya kwenye kadi mpya.

Shemeji alipokea kikombe chake na kueleza, bila kupepesa macho, kwamba alikuwa akiiacha kadi izoee nyumba kwanza.